Ardhi Niliyodhani Imekufa

 Kwanza nawashukuru wahariri na mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili kwa kunipa nafasi katika jarida la mwaka huu. Wenzangu wa kidato cha tatu waliponiona nikiandika wakati wa mapumziko walidhani ni barua ya mapenzi. La hasha! Ni habari ya shamba moja, na jinsi shamba hilo lilivyonifundisha sheria, historia na aibu, yote kwa mwaka mmoja.

Kwetu ni Kusini, kati ya Likoni na Ukunda. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichaka cha ekari mbili hivi. Tangu nipate akili nilikiona vile vile: miiba, nyasi zinazomfika mtu kifuani, na mwembe mmoja mkubwa katikati. Watoto tulikatazwa kuingia kwa sababu ya nyoka, nasi tuliingia kwa sababu ya maembe. Nikimuuliza babu, "Shamba hili la nani?" alikuwa akijibu, "La mtu," kisha anageuza mazungumzo. Nami sikufuatilia. Mtoto akishashika embe mkononi, mwenye mwembe wa nini?

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha pili, mambo ya nyumbani yaliharibika. Baba alikuwa kibarua katika hoteli moja ya ufuoni. Wageni walipopungua, vibarua waliambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Hawakuitwa. Shule yetu ni ya kutwa, lakini hata ya kutwa ina pesa zake, hasa za chakula cha mchana. Nilirudishwa nyumbani mara mbili katika muhula mmoja. Mara ya pili mama aliuza kuku wake watatu, nikarudi darasani nimeinamisha uso kana kwamba kuku wale nimewaiba.

Hapo ndipo sheria ilipoingia katika maisha yangu. Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri mimi huenda madrasa. Siku moja maalim alitusomesha mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, jambo ambalo kwa Kiarabu huitwa ihyaul mawati. Alitueleza kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mtu akiihuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo huwa yake. Ardhi iliyokufa ni ile isiyo na mwenyewe, haikulimwa wala haikujengwa, na watu wa kijiji hawaitegemei. Njia ya watu, malisho ya mifugo na eneo linalozunguka kisima si ardhi iliyokufa hata kama hapana mmea hata mmoja.

Kisha akaeleza namna ya kuihuisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa Pwani, hutazamwa desturi. Anayetaka nyumba ajenge kuta na aezeke. Anayetaka shamba la nafaka asawazishe udongo, atie mipaka, na alitafutie maji ikiwa mvua haitoshi. Anayetaka bustani apande miti. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alisema lazima mtu apate kwanza idhini ya kiongozi wa nchi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimpinga, na Imamu Shafi naye hakuishurutisha idhini hiyo. Tuliposikia wanafunzi wamempinga mwalimu wao tukacheka. Maalim akatutupia jicho, tukanyamaza.

Kilichonikaa zaidi ni habari ya Khalifa Umar, aliyetawala kutoka mwaka 634 hadi 644. Wakati wake walikuwako watu wanaopanga mawe kuzunguka ardhi, kisha wanaiacha vivyo hivyo, hawalimi wala hawamwachii anayetaka kulima. Umar akawawekea miaka mitatu. Aliyeweka mawe asipoishughulikia ardhi kwa miaka mitatu, haki yake imekwisha. Tena alikuwako Bilal bin Harith, si yule muadhini, ambaye Mtume alimpa ardhi kubwa mahali paitwapo Aqiq, karibu na Madina. Umar aliona mtu mmoja hawezi kuilima yote. Akamwambia abakishe kiasi anachokiweza na kilichobaki akirudishe, kikagawiwa Waislamu wengine.

"Mnaona faida yake?" maalim akauliza. "Ardhi iliyolala haimlishi mtu, wala haitoi zaka. Ikilimwa kwa mvua na mazao yakafika kiwango, hutoa fungu moja katika kumi. Ikimwagiliwa kwa gharama, fungu moja katika ishirini. Mkulima anashiba, na maskini asiye na jembe naye anapata."

Aliendelea kusomesha lakini mimi sikuwa nikimsikiliza tena. Akili yangu ilikuwa kichakani nyuma ya nyumba.

Likizo ya Disemba ilipofika nilimweleza baba. Mwanzoni alikataa. "Lile shamba la watu," akasema. Nikamweleza mlango wote wa maalim, kutoka Abu Hanifa hadi ile miaka mitatu ya Umar. Baba akanitazama sana. "Umesikia vizuri?" Nikamjibu, "Vizuri kabisa, baba." Akainuka akachukua panga.

Msomaji, kazi ile usiione hivi! Tulirauka alfajiri kila siku, mimi, baba na mdogo wangu. Tulikuwa na panga mbili na jembe moja ambalo mpini wake ulikuwa ukichomoka kila baada ya dakika tano. Kufyeka tu kulituchukua zaidi ya wiki mbili. Visiki vilitutoa jasho mpaka viganja vikafanya malengelenge, malengelenge yakapasuka. Mdogo wangu aliumwa na nge akalia usiku kucha. Mama alituletea uji chini ya mwembe. Mwembe wenyewe hatukuukata kwa sababu ya kivuli chake.

Karibu na mwembe huo panga langu liligonga saruji. Nikafagia majani, nikaona kipande cha sakafu kilichopasuka, na kando yake jembe lisilo na mpini, limeliwa na kutu. Nikamwita baba. Alitazama sakafu, akatazama lile jembe, akasema, "Endelea kulima." Basi tukalipiga tupa lile jembe, tukalitia mpini mpya, tukawa na majembe mawili. Nilifurahi. Nilisema Mungu ametuletea jembe.

Siku zote hizo babu hakutia mguu shambani. Alikaa barazani na tasbihi yake, akitutazama. Nilidhani ni uzee.

Mihogo tuliipanda mwishoni mwa mvua za vuli. Masika yalipoanza mwezi wa Aprili tukatia mahindi na kunde. Kunde ndizo zilizotuokoa. Mama alikuwa akichuma majani, anafunga mafungu, anayauza barabarani jioni. Muhula wa pili pesa za chakula nilizilipa mimi mwenyewe. Nilimhesabia karani noti na sarafu zilizonuka udongo, nikatoka pale ofisini nikijiona mwanamume.

Ami yangu alipotutembelea akalisifu shamba, kisha akatunong'oneza. Alisema hata sheria ya Kenya ina mlango wake. Mtu akikaa katika ardhi ya mwenziwe waziwazi miaka 12, bila ruhusa na bila kutolewa, anaweza kwenda mahakamani kuomba iandikwe yake. "Nyamazeni kimya," akasema. "Huu ni mwaka wa kwanza. Imebaki kumi na mmoja tu." Baba akacheka. Nami nikacheka. Babu aliinuka akaingia ndani.

Basi ikawa mwezi wa Agosti, siku za likizo, nami nipo shambani natazama mihogo. Nikamwona mwanamume wa miaka arubaini hivi amesimama njiani, shati safi, mkoba begani. Moyo ukanipiga. Nikasema huyu ama ni dalali ama ni mpimaji. Akapiga hodi na kunisalimu kwa Kiswahili kama chetu hasa. Akaomba maji. Nilipomletea alikunywa, akashukuru, kisha akaniuliza kama anaweza kukaa kidogo chini ya mwembe.

Hakukaa. Aliupapasa mwembe kwa mkono wake. "Huu niliupanda mimi," akasema. "Nilikuwa darasa la pili. Nilikula embe nikafukia kokwa hapa, karibu na jiko la mama. Baba akaniambia halitaota."

Ulimi wangu ulikauka. Nilikuwa na sheria yote kichwani, na Abu Hanifa, na Shafi, lakini hapakutoka hata neno moja. Yeye macho yake yakaangukia jembe lililoegemea shina. Akaliinua, akaligeuza, akatazama alama ya ufa iliyochomelewa karibu na shingo. "Na hili," akasema polepole, "ni la baba."

Nilipogeuka nikamwona babu anakuja kwa fimbo yake, anatembea upesi kuliko nilivyopata kumwona. Akamwita yule mtu kwa jina dogo, jina la kitoto. Yule mtu akasema, "Shikamoo, mzee," na babu hakuweza hata kuitikia marahaba. Walishikana mikono tu.

Usiku ule mgeni alilala kwetu. Babu alitukusanya wote barazani, akatueleza jambo ambalo miaka yote alikuwa akiligeuzia mazungumzo.

Yule mgeni ni mtoto wa fundi seremala aliyetoka bara. Seremala huyo alilinunua shamba lile kwa mzee mmoja wa kijiji, mbele ya mashahidi wawili. Shahidi mmoja alikuwa babu. Seremala akajenga, akalima, akakaa na watu vizuri. Milango ya nyumba yetu ni kazi ya mikono yake. Kisha ukaja mwaka wa 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Siku zilizofuata fujo zikaenea hadi huku kwetu. Watu wa bara wakaambiwa warudi kwao. Nyumba na vibanda vya biashara vikachomwa moto, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia na walichoweza kubeba. Babu alimficha seremala, mkewe na watoto humu humu nyumbani mwetu usiku mmoja. Alfajiri akawatoa hadi barabara kuu. Jioni yake nyumba ya seremala ikachomwa. Seremala hakurudi tena. Alifia bara.

"Wewe ulikuwa ukiniuliza shamba la nani," babu akaniambia, "nami nasema la mtu. Nilisema kweli, lakini nusu. Watu hapa hawakulilima kwa haya. Na hakuna aliyemwita mwenyewe arudi, kwa hofu. Basi likabaki hivyo."

Nikamuuliza, "Mbona hukutukataza, babu?"

Akakaa kimya kidogo. "Nilitaka kukukataza. Kisha nikaona umerudi shule."

Kusema kweli, msomaji, hata baada ya kusikia hayo yote mimi bado nilibishana. Nikasema Umar aliweka miaka mitatu, na hii imepita zaidi ya ishirini na mitano! Nikasema tumelima sisi, tumeumwa na nge sisi. Mgeni alikuwa ameshalala. Ami, aliyekuwa amefika usiku ule, akaongeza kwa sauti ya chini, "Huyu hana karatasi. Karatasi yao iliungua na nyumba. Amekuja kutazama tu. Kesho tumpe chai, aende zake." Kisha akasema, "Tena si Muislamu."

Baba alikuwa akitazama chini. Nilimjua baba. Alikuwa akihesabu.

Babu akasema, "Kesho sote kwa maalim."

Asubuhi tulikaa katika ukumbi wa msikiti, mgeni naye yumo. Nikaruhusiwa kusema kwanza, nikayatoa yote kama niliyoyakariri. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama siku ile ya somo nilibaki mpaka dua. Nikakiri kwamba mwili ulibaki.

Akasema miaka mitatu ya Umar ni ya mtu aliyepanga mawe tu bila kazi. Seremala hakupanga mawe. Alinunua kwa mali yake, akajenga nyumba, akalima, na mwanawe akapanda mti. Ardhi ile ilikuwa hai. Katika madhehebu yetu ardhi iliyokuwa na mwenyewe haiwi mawati kwa kurudi kuwa kichaka. Mwenyewe akijulikana ni yake, na asipojulikana ni mali iliyopotea, mamlaka huiangalia. Imamu Malik aliona kuwa ardhi iliyohuishwa ikirudi kufa kabisa mtu mwingine anaweza kuihuisha, lakini hata wanazuoni wa madhehebu yake hawakuipeleka hukumu hiyo kwa ardhi iliyonunuliwa. "Sasa," akasema, "hayo ni ya mtu aliyeacha kwa hiari yake. Huyu aliacha kwa moto."

Ami akasema lile lake la Uislamu. Maalim akamjibu kwa upole kuwa mali ya jirani ni mali ya jirani. Akatukumbusha kwamba Mtume alionya kuwa atakayepora ardhi, hata shubiri moja, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama mpaka ardhi saba. Akanigeukia mimi. "Na yale mafundisho ya kuhuisha ardhi yana sehemu yake ya pili, kwamba mzizi wa dhuluma hauna haki. Wewe ulisikia sehemu ya kwanza, ukaenda zako na jembe."

Kisha babu akasema jambo ambalo sijalisahau. Aliuliza kama shuleni tumesoma habari za mwaka 1908. Nikasema bado. Akatueleza kwamba mwaka huo Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Kila anayedai ardhi alitakiwa aende kuidai rasmi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali yao. Wazee wetu wengi hawakupata habari, wengine hawakuwa na karatasi, na wengine hawakuelewa kwa nini mtu akadai shamba la mama yake. Tena walikuwa wakilima kwa zamu. Walilima upande mmoja miaka kadhaa, wakauacha upumzike, wakahamia upande wa pili. Mgeni akipita aliona kichaka, akasema hapana mtu. Ndiyo sababu hata leo Pwani kuna watu wanaoitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao.

"Neno walilotumia ni lile lile lako," babu akaniambia. "Hapana mtu."

Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Nimekua nikisikia watu barazani wakilalamikia dhuluma ya ardhi ya Pwani, nami nimelalamika nao. Kumbe nilipopata jembe nilifanya lilo hilo. Na wale waliochoma nyumba mwaka 1997 nao walikuwa na uchungu wa ardhi vinywani mwao, wakaupeleka kwa seremala ambaye hakumnyang'anya mtu hata mti.

Hapo babu akatia mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa nakala ya mapatano ya kuuziana shamba, na alama za vidole za mashahidi. Alikuwa ameihifadhi sandukuni miaka yote hiyo. Hapana mtu aliyejua, hata baba. Angeichoma, hakuna ambaye angetuuliza kitu. Akamkabidhi yule mgeni kwa mikono miwili. Ami akainuka akaenda zake, na mpaka leo hajaja kwetu.

Basi tungefanya nini na mihogo iliyo ardhini? Maalim akatutajia habari ya Khaibar. Mwaka 628 Waislamu walipoiteka, Mtume aliwaacha Wayahudi wa pale waendelee kulima mashamba na mitende kwa mapatano ya nusu ya mazao. Alisema wanazuoni wamehitilafiana juu ya masharti ya kulima kwa mafungu, lakini wengi wameruhusu, na hata katika madhehebu yetu wako wakubwa walioruhusu. Faida ni kwamba ardhi hailali, na mwenyewe hapotezi haki yake. Mgeni alitaka nusu. Baba akasema sisi ndio tuliong'oa visiki. Walibishana mpaka adhuhuri, wakakubaliana theluthi moja kwa mwenye shamba na theluthi mbili kwetu, kwa miaka mitatu, kisha waonane tena. Mwembe usikatwe. Maalim akaandika, sote tukatia sahihi, nami nikaandikwa shahidi. Mapatano yale yakapelekwa pia kwa mzee wa mtaa. Lile jembe mgeni alituachia tulitumie.

Fungu lake la kwanza tulilituma kwa simu mwezi wa Septemba. Siku ile mama alizihesabu pesa mara mbili kabla hazijatumwa, na mimi nilijua anafikiria nini, maana muhula huu pesa za chakula sijazimaliza. Sitaki msomaji adhani kwamba kufanya haki kumetutajirisha. Bado tuna deni.

Je, nasema ardhi yote iliyolala iachwe ilale? Hata kidogo. Ukishuka kutoka kwetu kuelekea baharini utaona ploti zilizozungushiwa kuta ndefu, ndani hamna hata mchicha, zinangoja bei ipande. Kuta zile hazina tofauti na mawe ya wakati wa Umar, nami naona amri yake ingefaa sana kwetu. Lakini sasa naelewa kwa nini Abu Hanifa alitaka idhini. Wakati ule nilicheka nikawashangilia wanafunzi wake, leo niko upande wa mwalimu. Bila idhini, kila mwenye njaa na panga atajifanya kadhi mwenyewe, kama nilivyofanya mimi, na anayekuja baada yake naye atakuwa na panga. Katiba yetu ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani. Huko ndiko kuta zile zipelekwe, na wazee wetu wa 1908, na seremala wetu wa 1997 vile vile.

Wenzangu, hasa ninyi ambao nyuma ya nyumba zenu kuna kichaka, sikukatazeni kushika jembe. Mchagua jembe si mkulima. Nawaomba tu kwamba kabla ya kufyeka muulize shamba la nani. Na mkijibiwa, "La mtu," msiridhike kama nilivyoridhika mimi. Ulizeni mtu gani, na aliondoka kwa sababu gani.

Naomba nikomee hapa, kengele ya mchana imelia. Nakwenda nyumbani kula mihogo, kisha nirudi kwa kipindi cha Historia.